Wajane wa Stoo ya Chini

Siku Mama Faili alipotangaza nyumbani kwamba amepata nafasi chuo kikuu, mumewe alizima mashine ya kuchomelea, akavua miwani yake nyeusi na kumkumbatia pale pale uani, mbele ya mteja aliyekuwa akisubiri geti lake. Kisha akauliza anakwenda kusomea nini. Mama Faili akajibu: masomo ya wanawake na jinsia.

Mume akamtazama kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili.

"Mke wangu, miaka arobaini na sita hujajua tu kuwa mwanamke? Mpaka ukafundishwe?"

Mteja alicheka mpaka akaegemea geti ambalo lilikuwa bado halijapoa, naye akanyamaza ghafla. Binti yao alitoa kichwa dirishani akauliza kwa nini mama asisomee hata kompyuta, kitu cha watu. Mama Faili alikunja barua yake ya chuo mara nne, akaitia kwenye sidiria, akaingia ndani kupika. Wakati huo alikuwa ameshakata shauri, na yeye akishakata shauri ni bure kumsemesha.

Tuseme ukweli, mwanamke huyu hakuwa mtu wa makeke. Alikuwa karani wa masjala katika hospitali ya mji, kile chumba chenye dirisha dogo ambako wagonjwa hutaja namba zao na kupewa mafaili ya kupeleka kwa daktari. Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na mmoja, mpaka jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye kitambulisho tu. Ungemtajia namba yoyote, angekwenda rafu yenyewe bila kuangalia kibao, akavuta faili huku anaendelea kukuuliza hali ya watoto. Kompyuta ilikuwepo moja, ya mkuu wa masjala, na kazi yake kubwa ilikuwa mchezo wa karata.

Wakuu wenyewe ndio waliompeleka shule. Katika miaka hiyo alifundisha vijana watatu jinsi ya kufungua faili, kulipanga, kulitafuta na kulifunga, na wote watatu waliishia kuwa wakubwa wake. Wa tatu ndiye aliyepo sasa, bwana mmoja nadhifu mwenye mihuri minne mezani, ambayo hakuna ruhusa kuigusa, ndiyo maana wakamwita Bwana Mihuri. Alipopandishwa cheo, Mama Faili alipiga moyo konde akaenda kwa uongozi kuuliza kwa nini yeye anarukwa kila mara. Wakamwambia kwa upole kwamba ukuu wa masjala unataka mtu asiyebanwa na majukumu ya nyumbani. Bwana Mihuri ana watoto sita. Mama Faili ana mmoja, tena mkubwa.

Hakugombana. Alirudi kwenye rafu zake, akafanya kazi mpaka saa ya kutoka, na wiki iliyofuata akaanza kuulizia wapi mtu anaweza kusomea swali la namna ile. Bwana Mihuri alimpa ruhusa ya kutoka saa sita mchana, Jumanne na Alhamisi, kwa miaka mitatu. Aliitia sahihi shingo upande na kuongeza kwa kalamu nyekundu: "Haitaongezwa hata siku moja."

Chuoni wanafunzi wenzake walikuwa rika la binti yake. Walimwachia kiti cha mbele, wakamwita mama, wakamwomba awatunzie mikoba wanapokwenda kunywa chai. Mwalimu wao alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye nywele fupi na maneno ya haraka, ambaye angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho. Alitumia maneno ambayo Mama Faili aliwahi kuyasikia redioni tu, na mengine hata redio haijayapata. Kazi ya kwanza alipata alama thelathini na nane. Aliingia chooni akalia, akanawa uso, akarudi kukaa kiti kile kile cha mbele. Jioni yake aliomba maboksi matupu ya dawa, akakata kadi, na kila neno jipya akalifungulia kadi yake: lina maana gani, nani alilisema, mfano wake mtaani kwetu ni upi. Muhula wa pili alipata sitini na mbili. Mumewe aliibandika ile karatasi kwenye mlango wa karakana, chini ya bei za mageti.

Mwaka wa pili mwalimu aliwapa zoezi dogo. Kila mtu aandike jambo analolifanya kila siku kazini au nyumbani bila kujua nani aliamua liwe hivyo. Wasichana wakaandika mambo ya jikoni na ya nani anaongozana na nani sokoni. Mama Faili akaandika kuhusu namba.

Hospitali ile ilianza kama zahanati ya kiwanda kimoja. Kiwanda kilikuwa na wafanyakazi wanaume, kila mmoja na namba yake, na mkewe alipougua alitibiwa kwa namba ya mume ikiongezwa herufi A. Watoto walikuwa B, C na kuendelea. Karatasi zote zilishonwa pamoja kwenye faili moja, za mume mbele, za mke nyuma. Kiwanda kilikufa zamani, hospitali ikawa ya mji mzima, lakini mtindo wa namba haukubadilika. Msichana alikuwa herufi fulani nyuma ya baba yake, na akiolewa anahamishiwa kwa mume. Aliandika kwa kuchekesha, kwa sababu mambo yenyewe yanachekesha. Alisimulia habari ya bi harusi mmoja aliyeolewa na mwanamume aliyeachana na mke wa kwanza. Karatasi za yule wa kwanza hazikuondolewa, na siku ya kwanza bi harusi alipokwenda kwa daktari, aliulizwa mapacha wanaendeleaje.

Alipata alama nzuri. Chini yake mwalimu aliandika mstari mmoja: "Na mume akifa, inakuwaje?"

Mama Faili alilisoma swali hilo akiwa amesimama kwenye korido, wenzake wakimpita. Jibu alilijua. Alilijua kwa miaka yote hiyo ya kazi na hakuwahi kulisema kwa mdomo. Mume akifa, karani anaandika kwenye jalada AMEFARIKI, LIMEFUNGWA, analifunga kwa kamba mizunguko miwili, analipeleka stoo ya chini kwenye mafaili ya marehemu. Mke, karatasi zake zikiwa zimeshonwa nyuma, anashuka naye. Siku mjane anapokuja dirishani anaonekana hana namba, basi anafunguliwa jalada jipya, jeupe, na kuandikwa mgonjwa mpya.

Alirudi nyumbani na karatasi bado mkononi. Mumewe alimuuliza kulikoni, akamweleza. Mume aliweka kikombe chini.

"Ngoja kwanza. Kwa hiyo mimi nikianguka leo, na wewe unafungwa?"

"Nafungwa. Wewe mia nne na tisa, mimi mia nne na tisa A."

"Nani alikuweka hapo?"

Mama Faili alikumbuka vizuri. Wiki moja kabla ya harusi yao alijitoa kwenye faili la baba yake na kujihamishia la mume, na karatasi alizishona mwenyewe, tena akiimba. "Mimi," akasema.

Tangu siku hiyo mume hakutania tena habari ya kusomea uanamke. Kila alipokohoa alimwangalia mkewe kwa wasiwasi.

Basi mwaka wa tatu ulipofika na kila mwanafunzi kutakiwa kuandika tasnifu, Mama Faili hakuhangaika kutafuta mada. Alitaka kujua wako wajane wangapi chini kule. Mwalimu alifurahi, akampa sharti moja ambalo chuo hakilisamehi: barua ya ruhusa kutoka hospitali, yenye muhuri, kabla ofisi za chuo hazijafungwa saa sita na nusu mchana, Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Bila barua hakuna utafiti, bila utafiti hakuna shahada, na ile ruhusa yake ya miaka mitatu ilikuwa inakwisha.

Bwana Mihuri akampiga kalenda. Njoo Jumatatu. Njoo Jumatano. Niko kwenye kikao. Muhuri umekauka wino. Wiki mbili zikaenda hivyo. Siku alipombana, alimjibu huku anachezea kalamu: "Mama, kule chini ni kwa marehemu. Hakuna wanawake wako kule."

Wakati mabishano yakiendelea hivyo, asubuhi moja alifika dirishani mshona magodoro mmoja, mjane, mwanamke mnene mwenye nyuzi za pamba zimemnasa kwenye kilemba. Alikuwa na jipu kubwa mguuni na homa. Kwa sababu ya homa hiyo daktari alimwona kabla ya faili, akaandika sindano, muuguzi alikuwa anamsubiri chumba cha tatu. Alichohitaji ni jalada tu. Msaidizi wa dirishani alimfungulia jipya, akamuuliza kama kuna dawa inayomdhuru.

"Iko moja," mshona magodoro akasema. "Ilinivimbisha koo nusura niage dunia, hapa hapa kwenu. Jina lake silijui. Mimi nijue majina ya dawa kwani mimi daktari? Mliandika wenyewe kwenye faili."

"Faili gani, mama? Hili ndilo la kwanza."

"La kwanza? Nimelazwa hapa mara tano!"

Mama Faili alikuwa nyuma ya rafu, akasikia. Alitoka, akamuuliza jina la mume na mwaka aliofariki, kisha akamwambia msaidizi ampigie muuguzi simu, asimguse mgonjwa mpaka yeye arudi. Hapo hakuhitaji ruhusa ya mtu. Kanuni ya masjala inasema mgonjwa aliye hai akiulizia faili lake litafutwe popote lilipo. Alichukua ufunguo wa stoo ukutani, akateremka.

Stoo ilinuka karatasi na mafuta ya taa ya kufukuzia mchwa. Alilipata faili kwenye rafu ya nne, akakata kamba kwa meno. Za mume zilikuwa kurasa saba tu. Nyuma yake kulikuwa na maisha mazima ya mshona magodoro: uzazi wa mara nne, malaria, mkono uliovunjika, na juu ya karatasi moja, kwa wino mwekundu, MZIO: PENISILINI, ASICHOMWE KABISA. Dawa iliyoandikwa kule juu ilikuwa ile ile.

Aligeuza jalada alifunge apande nalo, na hapo ndipo akaona mwandiko. AMEFARIKI, LIMEFUNGWA. Ile M yake yenye mguu mrefu, ambayo mwalimu wake wa shule ya msingi alishindwa kuirekebisha. Aliketi kwenye ngazi. Alisikia aibu, aibu hasa, wala si huruma. Kisha akakumbuka kuna sindano inasubiri, akapanda mbio.

Mshona magodoro alipewa dawa nyingine, akaondoka akichechemea na kulalamika kwamba wamemchelewesha. Hakujua alichoepuka, na Mama Faili hakuwa na maneno ya kumwambia siku hiyo. Alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Mihuri, akalitua lile faili juu ya kibodi, mchezo wake wa karata ukiwa katikati.

Bwana Mihuri alisoma wino mwekundu, akasoma jalada, akasoma tarehe. Sauti yake ikashuka.

"Dada yangu, mimi nakuheshimu. Lakini hili likitoka nje tumechafuka wote."

"Tumeshachafuka, mkuu. Kinachobaki ni kuoga."

"Na watauliza nani aliyafunga."

"Nitawaambia."

Alimwambia arudi kesho. Kesho yake, maajabu, barua ya ruhusa ilikuwa tayari imechapwa, imebaki muhuri tu. Kando yake kulikuwa na karatasi ya pili ya kutia sahihi. Ilisema kwamba yeye, karani aliyetajwa hapo chini, anakiri kuyafunga mafaili hayo kwa mkono wake mwenyewe, na si kwa agizo la uongozi wowote.

Mama Faili aliisoma mara mbili. Aliomba siku moja ya kufikiri, na siku hiyo akaitembeza karatasi hiyo kwa watu wawili. Mwalimu alisema kwa huzuni, "Mama, badilisha mada. Mada ziko nyingi, na wewe kazi unayo moja." Mume alisema, "Ukitia sahihi hapo unga umemwagika, na wao wamepona." Wote wawili walikuwa na akili timamu, wala hakuwakasirikia. Lakini kila alipojaribu kufikiria mada nyingine, aliona ile M.

Asubuhi alirudi ofisini, akachukua kalamu, akakata kwa mstari mnyoofu maneno "na si kwa agizo la uongozi wowote," akatia sahihi chini yake.

"Nusu ya kwanza ni kweli," akasema. "Ya pili ni uongo, na uongo siutii sahihi."

"Basi muhuri hakuna."

"Sawa, mkuu." Akaiacha karatasi ya pili mezani, akachukua barua isiyo na muhuri na kutoka.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi Mama Faili alivaa gauni lake la kwendea sherehe, akaenda hospitali, na badala ya kuingia masjala akaketi kwenye benchi nje ya ofisi ya Bwana Mihuri. Alikuwa likizo. Siku moja kati ya zile anazodai kila mwaka, na fomu ilikuwa imesainiwa wiki iliyopita na Bwana Mihuri mwenyewe, ambaye husaini fomu za likizo bila kusoma. Alikaa pale kama mwananchi yeyote anayesubiri huduma, mkoba magotini, barua isiyo na muhuri juu ya mkoba.

Saa mbili foleni ya dirishani ilikuwa ya kawaida. Saa tatu ilifika mlango mkuu. Msaidizi alikuwa mgeni wa kazi, na rafu zile, zenye namba za kiwanda kilichokufa, ziliweza kusomwa na mtu mmoja tu. Saa nne daktari mmoja alikuja mwenyewe kuuliza kwa nini ameketi na mgonjwa bila faili. Saa tano walikuja madaktari watatu, mmoja akipayuka. Wauguzi walipopita walimwona Mama Faili kwenye benchi wakamkimbilia. Kila mmoja alijibiwa kwa adabu ile ile: leo sipo kazini, nasubiri muhuri.

Bwana Mihuri alivua koti, akaingia masjala mwenyewe. Alipotea kati ya rafu kwa nusu saa, akatoka na faili moja, tena la mtu mwingine. Foleni ikamzomea.

Saa sita kasoro dakika kumi alifungua mlango wa ofisi, jasho likimtoka mpaka kwenye kola. Alinyoosha mkono, akapokea barua, akaigonga muhuri kwa nguvu mpaka meza ikaruka. "Utajuta," akasema. Mama Faili akasema asante mkuu, akakimbia kuelekea chuoni na gauni lake la sherehe, viatu mkononi. Aliikabidhi barua ofisi zikiwa zinafungwa.

Utafiti aliufanya wiki tano, saa za chakula cha mchana na Jumamosi nzima. Mumewe alimtengenezea kitoroli kifupi cha vyuma chenye magurudumu, kinachopita kati ya rafu, akakipaka rangi ya bluu, rangi iliyobaki kwenye geti la yule mteja. Jumamosi alishika ngazi huku Mama Faili akisoma namba, na binti yake, yule wa kompyuta, akaandika. Binti aliandika saa nzima, kisha akauliza, "Mama, na mimi niko wapi?" Mama Faili akamjibu, "B." Binti akakunja uso, akaendelea kuandika kwa kasi zaidi.

Wajane waliofungwa walikuwa mia tatu na kumi na saba. Alipolinganisha na daftari la dirishani, wanawake mia mbili na wanne kati yao walikuwa hai na wanaendelea kutibiwa juu kama wagonjwa wapya; akahoji ishirini kati yao.

Siku ya kutetea tasnifu jopo lilikuwa la watu watatu, na aliyeogopwa alikuwa mtahini wa nje, profesa mzee mwenye sauti laini, ambaye wanafunzi walisema anaua kwa upole. Alifunua kurasa taratibu.

"Umehoji wajane ishirini. Vizuri. Je, ulimhoji karani aliyeyafunga mafaili haya?"

"Ndiye anayezungumza na wewe, profesa."

Mwalimu wake akainamisha kichwa.

"Basi umejichunguza mwenyewe," profesa akasema. "Sisi tutakuamini vipi?"

"Msiniamini. Ukurasa wa thelathini na nne kuna namba za mafaili yote. Mtu yeyote ateremke ngazi akahesabu. Mkikuta nimekosea, mimi nitakuwa wa kwanza kufurahi."

Profesa akatabasamu kidogo, kisha akamtupia swali ambalo hakulitayarishia kadi. "Miaka zaidi ya ishirini, mama. Kwa nini hukuuliza?"

Mama Faili alitazama mikono yake. Angeweza kutoa yale maneno marefu ya mwaka wa kwanza, alikuwa nayo yote, kadi kwa kadi.

"Kwa sababu nilikuwa naifanya vizuri," akasema hatimaye. "Kamba zangu zilikuwa zimekaza kuliko za wote. Wakaguzi walinisifu. Mtu anayesifiwa haulizi."

Profesa aliandika jambo, akafunga tasnifu. Walimtoa nje, akasimama koridoni robo saa, wakamwita ndani na kumwambia amefaulu. Mwalimu mwembamba alimkumbatia mpaka miguu yake ikaacha sakafu, na Mama Faili, ambaye hakulia tangu ile alama thelathini na nane, akalia bila kwenda chooni.

Nakala ya tasnifu ilipelekwa hospitali kama kanuni inavyotaka. Uongozi haukusema kitu. Kilichokuja wiki ile ile ni barua kutoka kwa Bwana Mihuri, yenye mihuri miwili kwa mkazo. Kwa kuwa karani alikiri kwa maandishi kuyafunga mafaili kinyume cha utaratibu, anaondolewa dirishani kuanzia Jumatatu na kuhamishiwa stoo ya chini, ambako atabaki mpaka atakapoarifiwa vinginevyo.

Wenzake walimpa pole. Mumewe alitaka kwenda kumvunja mtu miwani. Hata mimi ninayesimulia, kama ningekuwa mimi, siku hiyo ningerudisha ufunguo na kwenda kuuza vitumbua. Mama Faili alisoma barua mpaka mwisho, akauliza kama stoo itapewa meza, akaambiwa ajitafutie. Jioni akapita kwa mshona magodoro. Alimkuta ameketi katikati ya pamba, mguu umepona, sindano ndefu mkononi. Safari hii maneno alikuwa nayo. Alimweleza yote: faili, wino mwekundu, dawa iliyokuwa inamsubiri chumba cha tatu, na mkono ulioandika kwenye jalada.

Mshona magodoro aliacha kushona. Alimtazama muda mrefu, na Mama Faili hakuyakwepa yale macho.

"Mkono wako," mshona magodoro akasema.

"Wangu."

"Na sasa wamekupeleka huko huko chini."

"Huko huko. Na ufunguo ninao mimi."

Mshona magodoro akachomeka sindano kwenye godoro. "Wako wangapi hao?"

"Mia mbili na wanne."

"Mimi nawashonea nusu yao," akasema. "Kazi yako ni kufungua mlango."

Jumatatu saa mbili asubuhi Bwana Mihuri alisikia kelele upande wa nyuma, akatoka kuangalia. Ngazi ya stoo ilikuwa imejaa kuanzia chini hadi juu, na foleni ilikuwa imevuka kona ya jengo na kuingia uwanjani. Walikuwa wanawake wa kila umri, wengine na fimbo, wengine na wajukuu mgongoni, wanasogea ngazi moja baada ya nyingine. Aliwapita kwa kubana tumbo mpaka chini. Mama Faili alikuwa ameketi nyuma ya kitoroli cha bluu kilichofunikwa ubao, mkasi mkononi, kamba zilizokatwa zikiwa rundo miguuni.

"Ni nini hii?" Bwana Mihuri akafoka. "Hawa wote ni nani?"

Mama Faili hakuinuka. Alimkabidhi mwanamke aliyekuwa mbele yake jalada lenye jina lake peke yake, akageuka.

"Marehemu, mkuu," akasema. "Wamefuata mafaili yao."